Mteja wa Mtandaoni Hashiki Kitu: Ushauri kwa Wasukaji wa Gongo la Mboto

Simama kidogo kwenye kibanda chochote cha vikapu pale Kariakoo uwaangalie wanunuzi. Mama anafika, hasemi neno. Anakinyanyua kikapu, anakipima uzito kwa mkono, anakigeuza kitako juu. Anaishika mishikio yote miwili na kuivuta kwa nguvu. Anaingiza mkono ndani, anapapasa mshono. Wengine hunusa, kwa sababu miyaa iliyosukwa ikiwa bado na unyevu hutoa harufu ya uvundo ambayo ni kazi kubwa kuiondoa. Baada ya hayo yote ndipo anauliza bei, na bei atakayoitaja yeye inatokana na yale ambayo mkono wake umeshamwambia.

Mteja wa kwenye simu hana nafasi hiyo. Ameona picha yako akiwa kwenye foleni ya Tazara, kikapu kimempendeza, halafu maswali yakaanza kichwani. Hiki ni kikubwa kiasi gani? Rangi haitachuja kwenye gauni langu? Mshikio hautaniachia sokoni? Asipopata majibu, anapitisha kidole na kwenda zake, na wewe hutajua hata kwamba alipita.

Wengi wetu tunaosuka, tunaoshona na tunaochora huku Gongo la Mboto tunaamini tatizo letu ni wafuasi wachache. Mimi naamini tatizo linaanzia mbali zaidi. Tunampelekea mteja picha nzuri kisha tunamwachia mashaka yote ayabebe mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: shika wewe kwa niaba yake. Kila ambacho angekijua kwa mkono, mpe jibu lake kabla hajauliza. Na majibu hayo yanaanza kutengenezwa siku unapochemsha rangi, sio siku unapopiga picha.

Nazungumza hasa na yule mwenye kazi nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi Majohe, muuguzi wa zahanati, karani anayeshuka daladala saa 1 usiku, mama anayefunga genge lake ndipo akae na ukili wake mapajani. Usione haya kuitwa msanii wa jioni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye jina lake leo ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 huku akihangaika na vibarua, na baadaye akapata ajira ya uhudumu katika Hospitali ya Muhimbili. George Lilanga, msanii aliyekuja kuonyesha kazi zake Ulaya na Marekani, aliingia kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa miaka ya 1970 kama mlinzi. Kilichowafikisha mbali ni kurudi kwenye kazi ileile, jioni baada ya jioni.

Tingatinga ana jambo lingine la kutufundisha sisi tunaouza. Alitumia alivyoweza kuvipata: rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na vipande vya mbao nyembamba za dari. Picha zake nyingi za mwanzo zilikuwa na mnyama mmoja katikati na nyuma yake rangi moja. Mtu akiona picha ya pili alijua ni mkono uleule uliochora ya kwanza. Kazi ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wenye fedha walikuwa wakipita kununua mahitaji yao, na waliweza kuinua picha na kuitazama kwa karibu. Alipouawa mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea palepale, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Sisi wa Gongo la Mboto hatuna Morogoro Stores mlangoni. Tuna simu. Lakini lile la kutambulika kwa mkono bado linatuhusu, na halipatikani kwa kubadilisha mtindo kila wiki.

Chagua kikapu kimoja. Namaanisha umbo moja, kimo kimoja, mchanganyiko mmoja wa rangi. Kisuke mpaka mikono iache kuuliza. Vya mwanzo tumia nyumbani, gawa kwa mashoga na majirani, peleka sokoni ukabebee nyanya. Usiweke mtandaoni kitu ambacho hujui kama utaweza kukirudia, kwa sababu mteja wa pili ataomba "kama kile cha dada fulani", na ukishindwa kukitoa kama kile, picha yako ya kwanza imekuwa uongo. Ukishakimudu, badilisha jambo moja tu: rangi ya mdomo, au urefu wa mshikio, au upana wa kitako. Ukibadilisha matatu kwa mpigo, kikitoka kibaya hutajua kosa liko wapi, na kikitoka kizuri hutajua ni lipi la kushukuru.

Kimoja kati ya hivyo vizuri usikiuze. Kitundike ukutani kiwe sampuli. Kila kikapu kipya kikiisha, kiweke kando yake uvilinganishe.

Sasa rangi, maana hapo ndipo wateja wa mtandaoni wanapolia zaidi. Rangi ya unga tunayonunua Kariakoo kwa vipimo vidogo haina maelekezo ya maana kwenye kile kipande cha gazeti ilichofungiwa, kwa hiyo maelekezo uyaandike mwenyewe. Nunua daftari. Kila unapochemsha, andika vijiko vingapi vya unga, lita ngapi za maji, chane zimekaa jikoni dakika ngapi, uliongeza chumvi au hukuongeza. Chane zichemke ndani ya rangi. Kuzimwagia maji ya moto juu na kuzifunika hakutoshi, rangi hukaa nje tu. Zikitoka, zisuuze mpaka maji yawe meupe, uzianike kivulini penye upepo. Jua kali la huku, pamoja na vumbi la barabara zetu za ndani, huzifubaza kabla hata hujaanza kusuka.

Zikishakauka, fanya jaribio hili. Chukua kitambaa cheupe, kipande cha shuka kuukuu kinafaa, kiloweshe kidogo, kisha sugua chane moja mara kadhaa kwa nguvu. Kitambaa kikitoka na rangi, chane hizo hazijawa tayari, zirudi kwenye maji ya kusuuza. Kikitoka safi, hapohapo mwite mtoto ashike simu, urudie jaribio hilo mbele ya kamera. Video fupi ya kitambaa cheupe kinachobaki cheupe inauza kuliko maneno "ubora wa hali ya juu" unayoyaona kila ukurasa. Dada wa ofisini atakayebeba kikapu hicho kwenye mwendokasi huku kikigusa gauni lake jeupe, hilo ndilo alilotaka kujua.

Mishikio nayo iwe hivyohivyo. Kama huna mizani nyumbani, ndoo ya lita 10 ikijaa maji ina kilo 10, pamoja na uzito wa ndoo yenyewe kidogo. Iweke ndani ya kikapu, tundika kikapu kwenye msumari imara wa ukutani au boriti ya banda, kilale hapo mpaka asubuhi. Asubuhi angalia pale mshikio unapokutana na ukili. Uzi umelegea? Ukili umejivuta na kuacha tundu? Kama pako salama, una haki ya kumwandikia mteja kwamba kikapu kinabeba kilo 8 bila wasiwasi. Kama hapako salama, una kazi ya kufanya kabla ya kuposti chochote. Kwa mishikio ya ngozi, pita kwa mafundi viatu uwaombe vipande vinavyobaki. Vingi ni vyembamba lakini ni virefu vya kutosha, na ukikunja mara mbili ukashona pembeni, vinakaa miaka.

Kuna majira pia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya Dar es Salaam inabeba maji, na miyaa inayanywa. Kikapu kilichosukwa Aprili na kufungiwa kwenye mfuko kinaweza kufika Arusha kikiwa na madoa ya ukungu. Ninachoshauri ni kuandaa ukili mwingi kati ya Juni na Septemba hali ya hewa inapokuwa kavu, uuviringe, uutundike juu penye hewa. Oda nyingi huja Desemba kwa ajili ya zawadi, na wakati huo vuli inakuwa imeshapiga. Mwenye ukili mkavu darini anashona tu.

Tangu 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kikapu kimerudi mkononi mwa watu waliokuwa wamekisahau, na vijana wengi mjini sasa wanakibeba kwa mapenzi. Hilo ni jema kwetu. Limeleta pia wauzaji wengi ambao hawajawahi kushika chane. Wananunua vikapu kwa kina mama wa Rufiji au Kisarawe, wanaweka lebo, wanaandika "kazi ya mikono yangu". Kununua na kuuza ni biashara halali kabisa. Kuandika ni yako ni kumwibia mtu jina lake. Hata wewe unayenunua ukili uliokwisha kusukwa, kisha ukashona, ukaweka bitana ya kitenge na mishikio ya ngozi, sema hivyo: ukili umesukwa Rufiji, kikapu kimeshonwa Gongo la Mboto. Mteja hatakupunguzia bei kwa ukweli huo. Atakuamini zaidi utakapomwambia jambo jingine, na msukaji wa kijijini akiona jina la kwao limetajwa, atakuchagulia ukili mzuri safari ijayo.

Tuje kwenye picha. Mwanga wa taa ya sebuleni mara nyingi huvuta rangi kuelekea njano, kwa hiyo usipige usiku, hata kama ndio muda pekee ulio nao. Subiri Jumamosi au Jumapili, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, kwenye baraza, jua likiwa halijaingia moja kwa moja. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu zetu zinakaa mfukoni na mafuta ya mkono, na picha nyingi ninazoziona zina ukungu kwa sababu hiyo tu. Nyuma weka ukuta mtupu au mkeka usio na rangi. Kanga ni nzuri sana lakini ina maua na maneno yake, inagombea macho na kikapu. Usitumie vichujio vya kung'arisha rangi. Mteja akipokea kikapu cha rangi ya kutu wakati alikiona chekundu, hutamshawishi kwamba ni simu yake.

Piga kikapu kizima kwanza. Kisha piga vile ambavyo mkono ungevitafuta: kitako kimegeuzwa juu, ndani kukiwa na mwanga, mshono wa mshikio kwa karibu mpaka uzi uonekane. Piga picha moja kikiwa kimebebwa begani na mtu mwenye kimo cha kawaida, ili ukubwa wake usihitaji kuelezwa. Na kama kuna dosari, labda chane moja imekolea rangi kuliko nyingine, ipige nayo, uiandike. Wanunuzi wa mtandaoni wameumizwa sana. Anayeonyesha dosari ndogo anaaminiwa kwenye mambo makubwa.

Maelezo nayo yawe na vipimo. Angalia tofauti. Mmoja anaandika: "Vikapu vikali sana vipo, karibuni wapendwa, bei inboksi." Mwingine anaandika: "Kikapu cha miyaa, kimo sentimita 32, mdomo sentimita 40. Kinabeba kilo 8. Rangi haichuji, angalia video. Bitana ya kitenge, mfuko mmoja wa ndani wa simu. Shilingi 35,000. Nipo Gongo la Mboto, napeleka mjini kila Ijumaa." Huyu wa pili ameshajibu maswali sita, na mtu atakayempigia anakuwa karibu ameamua.

Hili la "bei inboksi" linaniudhi, na nitalisema wazi. Linamchosha mteja, linamfanya ahisi kwamba bei inapangwa kwa kuangalia picha yake ya profaili. Weka bei mbele ya watu wote. Watakaoiona kubwa watapita bila kukupotezea muda wala bando, na watakaobaki ndio wateja wako.

Ila ili uiweke hadharani bila woga, lazima uijue imetoka wapi. Wengi tunapanga bei kwa kuangalia jirani anauzaje. Fanya hesabu yako. Tuseme miyaa ya kikapu kimoja imekugharimu 4,000, rangi 1,500, ngozi 5,000, uzi 500. Hiyo ni 11,000. Umetumia saa 10 kwa jumla, kuchemsha, kusuka na kushona. Ukijilipa 1,500 kwa saa, ambayo ni ndogo kwa kazi ya ujuzi, ni 15,000. Bando, karatasi ya kufungia na nauli ya kufuata vifaa Kariakoo, weka 2,000. Umefika 28,000 kabla ya faida yoyote. Ongeza sehemu ya kumi kufidia vile vinavyoharibika, maana vinaharibika, unakaribia 31,000. Basi ukiuza 35,000 kwa rejareja umepata kidogo cha kukuza kazi, na ukiuza kwa jumla usishuke chini ya 31,000. Siku mtu atakapouliza "bei ya mwisho ngapi dada?", una jibu lenye miguu. Unaweza kumpunguzia 2,000 kwa kuwa ni mteja wa kurudi, na unajua unampa nini. Anayetaka kikapu hicho kwa 20,000 anakuomba ufanye kazi usiku wa manane bure, hata kama yeye hajui hivyo. Mjibu kwa heshima, umwonyeshe kikapu kidogo cha 20,000 ulichokishona kwa kusudi hilo.

Fedha ya kazi hii ikae kwenye laini yake. Ukipokea malipo kwenye namba ileile unayotumiwa ada ya mtoto na mchango wa kikoba, baada ya mwezi hutajua kama kusuka kunakuingizia au kunakula mshahara wako. Lipa Namba inafaa zaidi kwa sababu mteja anaona jina la biashara. Kwa oda ya kusukwa upya, chukua nusu kabla ya kuanza, nusu mzigo ukiwa tayari. Na hapa kuwa mkali: meseji ya kwamba fedha imeingia si fedha. Matapeli hutuma meseji zinazofanana kabisa na za mtandao wa simu, wengine husema wametuma zaidi kwa makosa na kukuomba urudishe. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kukabidhi kitu, hata kama bodaboda amesimama mlangoni anapiga honi. Namba ya siri haiombwi na mtu yeyote mwenye nia njema.

Umbali wetu ni kikwazo cha kweli. Mteja wa Masaki au Mbezi Beach akisikia Gongo la Mboto anafikiria kwamba nauli ya bodaboda itakaribia nusu ya bei ya kikapu, na mara nyingi anakuwa sahihi. Dawa yake ni kutopeleka kikapu kimoja kimoja. Weka siku moja ya kupeleka kwa wiki, uitangaze, uikusanyie oda zote, uchague sehemu mbili za kukutania ambazo unazipita hata hivyo: labda Posta karibu na ofisi yako, labda Kariakoo unapofuata rangi. Anayetaka siku nyingine alipie bodaboda mwenyewe, na umwambie gharama kabla, kwa tarakimu. Awamu ya tatu ya barabara za mwendokasi imechorwa kutoka katikati ya jiji hadi Gongo la Mboto, kwa hiyo masafa haya yatazidi kuwa mepesi kwa anayebeba mwenyewe.

Mizigo ya mikoani huenda kwa mabasi ya Kituo cha Magufuli kule Mbezi, au kwa Shirika la Posta. Jaza karatasi ndani ya kikapu kisibonyee. Vikiwa vitatu vya ukubwa tofauti, pachika kimoja ndani ya kingine. Andika jina na simu ya mpokeaji mahali pawili, nje na ndani. Piga picha risiti na namba ya gari, umtumie mteja palepale kabla basi halijaondoka, ili asikuulize mara kumi umefikia wapi.

Wa nje ya nchi ni habari nyingine. Ndugu zetu walioko Maskati, London au Toronto wanavipenda vikapu hivi kuliko tunavyodhani, na wengi wananunua kupitia ndugu wa hapa anayekuja kuchukua na kuwabebea kwenye begi. Anzia na hao. Kabla ya kuvutiwa na masoko makubwa ya mtandaoni ya kigeni, uliza jambo moja tu: je, yanalipa kwenye akaunti ya Tanzania? Mengine yatakuruhusu ujisajili na kupakia picha zote, halafu fedha ikakosa njia ya kukufikia. Kumbuka pia kwamba kikapu ni majani. Nchi nyingine zinataka cheti cha afya ya mimea kwa bidhaa za namna hiyo, na ofisi inayohusika hapa nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Na usipambe kazi yako kwa gamba la kasa wala kipande cha pembe ya ndovu, hata kama umepewa bure na mzee wako. Ni kosa la jinai, hapa na huko kinakokwenda. Pembe ya ng'ombe inatosha, na sisi tuko jirani na mnada wa mifugo wa Pugu.

Kuhusu makaratasi nitakuwa mfupi. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na TRA, ichukue mapema. Jina la biashara linasajiliwa BRELA. Ukiwa na michoro au mapambo unayoona ni ya kwako kabisa, Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo, chini ya sheria ya mwaka 1999. Ila umbo la kikapu hutaweza kulifungia. Tumelikuta, na watakaokuja watalikuta. Anayekunakili huwezi kumzuia kusuka. Unachoweza ni kuhakikisha kazi yako inajulikana: alama ndogo ya uzi wa rangi moja mahali palepale kila mara, na kadi yenye mwezi na mwaka kilipoisha.

Sasa jambo ambalo naliona linaua kazi nyingi nzuri kuliko wizi wa mitindo. Simu inageuka kuwa bwana wa mikono. Mtu alianza kusuka kwa sababu kulimtuliza baada ya siku ndefu. Baada ya miezi kadhaa ya stetasi na oda, anasuka rangi moja ileile iliyopendwa, macho yako kwenye meseji, na kila chane ni deni la mtu. Panga saa za kujibu wateja, tuseme saa 1 na saa 3 usiku, uziandike kwenye ukurasa wako, na katikati ya hapo simu iwe chumba kingine. Mikono yenye maji ya rangi haipaswi kushika simu hata hivyo. Pokea oda zinazoingia kwenye saa ulizo nazo, sio kwenye saa unazotamani kuwa nazo. Ukijua kazi inachukua siku 7, mwambie mteja 10, kwa sababu umeme utakatika, mtoto ataugua, na foleni ya Barabara ya Nyerere itakula jioni zako mbili.

Gawanya kazi kulingana na uchovu. Kusuka ukili ulionyooka kunataka vidole tu, kunafaa siku za kazi ukiwa unasikiliza redio. Kukata ngozi, kupima kitako na kuchanganya rangi kunataka akili, kuwekee Jumamosi asubuhi. Na kila mwezi suka kimoja kisicho na mteja. Jaribu kitako cha mraba, jaribu kuacha miyaa bila rangi kabisa, jaribu mfuniko. Usikiposti. Kikiharibika, kimeharibikia nyumbani kwako na hakuna anayekidai. Vikapu vyako vya mwakani vitatoka humo.

Mara moja kwa mwaka nenda maonyesho ya Sabasaba, kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai pale Barabara ya Kilwa, hata kama hukukodi banda. Simama pembeni ya banda la mwenzako uangalie mikono ya watu. Nimejifunza mengi kwa njia hiyo kuliko kwenye semina. Ukiona wanawake watatu mfululizo wanaingiza mkono ndani kutafuta mfuko wa simu, unajua cha kushona. Ukiona wanakibeba begani na mshikio unateleza, unajua cha kurefusha. Ukiona wanakirudisha mara tu wanapokigeuza kitako juu, nenda nyumbani ukaangalie vitako vyako.

Na kikapu kikirudi, kwa sababu siku moja kitarudi na mshikio umening'inia, kipokee bila ubishi. Nauli ya kukirudisha ilipe wewe kama kimechakaa kabla ya miezi sita. Ila usikishone haraka haraka. Kaa nacho chini ya mwanga, tafuta ni mshono upi ulioachia kwanza, uzi ulikatika au ukili ndio ulioraruka, kulikuwa na unyevu au kulibebwa kitu kizito kuliko ulichoandika. Mpigie mteja umuulize alikuwa amebeba nini. Wengi hufurahi kueleza. Andika kwenye lile daftari la rangi, ukurasa wa nyuma. Kisha chukua vyote vilivyobaki ndani ambavyo bado hujavituma, na kwa kila kimoja ongeza mzunguko wa uzi mahali palepale.